Maji Nyuma ya Ukuta wa Harusi

Mbeya,
14 Januari 2024

Mjomba Feliksi,

Shikamoo. Mimi nipo, ila mafua ya Mbeya yamehamia kwangu na hayana dalili ya kuondoka. Bibi Catherine hajambo? Kuku wake wamefika wangapi sasa, au bado anawahesabu kila asubuhi akidhani wewe umekula mmoja?

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu mwenye simu. Ni amri ya mama. Baada ya kufokeana siku ya mwaka mpya, mama alisema sauti zetu zilisikika hadi sokoni Mwandiga, na kwamba mimi na kaka yake tusipigiane tena simu mpaka tujifunze kuongea kama watu. Amesema tuandikiane. Basi hii nampa kondakta wa basi la Kigoma, na wewe mpe yako anaporudi.

Nimeangalia picha za harusi ya Yunisi mpaka macho yameuma. Dada yangu alipendeza! Na ule ukuta wetu nyuma yake, mweupe pe, nikajisikia kama na mimi nimo kwenye picha. Matundu ya kutolea maji siyaoni, nadhani yamezibwa na gauni. Lile gauni lingeziba hata mlango wa kanisa. Unisamehe kwa kutokuja, ni mambo ya chuo tu.

Sasa Mjomba, nakuomba kwa upole jambo lile lile nililoliomba kwa kelele. Lile bomba tulilolisimamisha mwezi wa nane kwenye kokoto nyuma ya ukuta, ulilokuwa ukiliita antena, halikuwekwa kwa mapambo. Funga nati kwenye uzi, ishushe ndani ya bomba hadi usikie imegusa maji, halafu upime urefu wa uzi. Kila Jumapili, ukitoka kanisani. Mvua mwaka huu haina mzaha, na chumba cha Bibi kiko hatua nne tu kutoka kwenye huo ukuta.

Mpwa wako akupendaye,
Winfrida


Bangwe, Kigoma,
2 Februari 2024

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa kondakta siku tisa kwa sababu ameoa, na mimi simlaumu. Bibi yako ni mzima na kuku wamefika kumi na tatu. Yule wa kumi na nne sikumla mimi.

Ziwa limepanda tena. Kule Kibirizi maji yamefika walikokuwa wanaanika dagaa, na wenye vichanja wanavihamisha kila wiki. Wazee wanabishana lini lilipanda hivi, kila mmoja na mwaka wake. Yunisi ametulia kwa mume wake Mwandiga. Alilia siku ya kuondoka, mimi nikajifanya naangalia paa.

Unasema hukuja kwa mambo ya chuo. Mambo gani ya chuo wakati wa Krismasi, vyuo vyote vimefungwa? Haya, sikuulizi.

Harusi ilifana, mpwa wangu. Unajua kwetu mafundi, binti wa mwashi akiolewa, mafundi wenzake wote wanakuja kukagua nyumba kabla ya kukaribia chakula. Wanapitisha kiganja ukutani, wanafumba jicho moja kutazama kona. Mzee Adolf, baba wa bwana harusi, naye alikuwa mwashi wa serikali enzi zake. Alitembea mbele ya ule ukuta mwanzo hadi mwisho, kisha akasema mbele za watu, “Feliksi, huu umeujenga kwa mkono wa kuume.” Miaka thelathini na moja nimesubiri mtu aseme hivyo.

Nati nimeishusha, Bibi yako akiwa amesimama nyuma yangu na fimbo. Maji yako mita mbili chini kutoka juu ya bomba. Umeridhika? Ila nieleze kitu kimoja, wewe msomi. Udongo ni mzito, maji ni mepesi. Ukuta ule nimeujenga uzuie mlima. Mtu aliyemzuia mlevi mnene mlangoni ataogopa mtoto wake?

Mjomba wako,
Feliksi


Mbeya,
18 Februari 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Mafua yameondoka, kikohozi kimechukua zamu. Mpe Bibi pongezi zangu kwa kuku, na pole kwa yule wa kumi na nne, popote alipo ndani yako.

Swali lako nimelipenda mno, maana ndilo linalowaangusha wengi hata huku. Usinisome haraka. Kanunue pakiti ya kahawa, zile zilizofungwa bila hewa. Ibonyeze. Ni ngumu, unaweza kuipigia msumari. Sasa itoboe kwa sindano, uibonyeze tena. Imelegea! Kahawa ni ile ile, haikupungua hata kijiko, uzito ni ule ule. Kilichoondoka ni kushikana. Mwanzoni hewa ya nje iliibana pakiti, na punje zikakabana zenyewe kwa zenyewe. Ulipotoboa, hewa iliingia katikati ya punje ikaanza kuzisukuma zisikabane.

Udongo wa nyuma ya ukuta ndio hiyo kahawa. Nguvu yake haitoki kwenye uzito, inatoka kwenye punje kushikana. Maji yakijaa katikati ya punje yanazisukuma zisishikane, na kadiri yanavyopanda juu ndivyo yanavyosukuma zaidi. Mhadhiri wetu anauita mkazo halisi: chukua mzigo wote, toa msukumo wa maji, kinachobaki ndicho kinachozishikanisha punje. Maji yakipanda sana, kinachobaki ni kidogo, na udongo unasahau kusimama. Unauegemea ukuta.

Kama hutaki kupoteza kahawa, nenda Kibirizi simama kwenye mchanga uliolowa pale ukingoni. Ni mgumu, unabeba hata mchukuzi na gunia lake. Sasa chezesha miguu haraka haraka papo hapo, uone unavyozama. Hukuongezeka uzito.

Na kuhusu mlevi na mtoto: maji yenyewe nayo yanasukuma ukuta. Kila mita moja ya kina cha maji ni tani moja hivi kwa kila mita ya mraba, pale chini. Ukuta wetu una mita tatu. Nilipouchora niliupigia hesabu ya udongo ambao maji yake yanatoka. Nyuma yake pakijaa hadi juu, msukumo ni zaidi ya mara mbili ya ule niliouhesabu, na chini ya msingi nako udongo unalegea, hata kuteleza unaweza.

Ndiyo maana mita mbili yako imeninyima raha. Matundu yetu manane yako chini kabisa, shubiri moja kutoka sakafuni. Yakiwa wazi, maji ndani ya bomba hayawezi kupanda hapo. Yangeishia mita mbili na robo tatu, labda zaidi kidogo. Mjomba, matundu yanatoa maji? Nakuuliza hilo tu.

Winfrida


Bangwe,
10 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeniletea balaa. Nilinunua kahawa ya Manyovu, nikaita nyumba nzima kushuhudia. Bibi yako aliibonyeza akasema ni tofali. Nikaitoboa, akaibonyeza, akarudisha mkono kama ameguswa na mjusi. Kisha akaniuliza nani atainywa kahawa iliyotobolewa, na kwa kuwa hapendi kitu kiharibike tuliinywa yote siku ile. Nilikuwa najenga choo cha jirani, na nakuambia matofali yalipanda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona.

Kibirizi nako nilikwenda. Nilisimama ukingoni nikaanza kuchezesha miguu. Wachukuzi wakadhani nimepandwa na mashetani. Mmoja wao, Meshack, aliweka gunia chini akaja kunishika, naye akaanza kuzama, akacheka, wakaja wengine. Tulikuwa watu sita tunarukaruka kwenye mchanga mchana kweupe, na akina mama wa dagaa wakitupigia vigelegele. Nilizama hadi vifundoni. Nimeelewa, Winfrida. Nimeelewa kuliko nilivyotaka kuelewa.

Marcelina alikuja Jumamosi na ndizi. Mama yako amenenepa, usimwambie nimesema.

Kipimo cha Jumapili iliyopita ni mita moja na sentimita arobaini. Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Matundu yapo, yale yale manane, hakuna aliyeyaiba.

Mlango wa chumba cha Bibi yako umeanza kusugua chini. Ni unyevu wa masika. Nitauranda wiki ijayo. Nilimwambia ahamie chumba alichoacha Yunisi, kina dirisha kubwa. Akasema, “Oya, hapana! Mimi sihami kwa ajili ya mlango.” Basi nitauranda.

Feliksi


Mbeya,
17 Machi 2024

Mjomba,

Usiurande mlango.

Shikamoo, samahani, nimeanza vibaya. Mlango haukuvimba, Mjomba. Ukuta unasogea na kuisukuma sakafu. Nimekupigia simu mara saba leo, nikivunja amri ya mama, na hupokei. Nimempigia mama nikamwuliza kama matundu yanatoa maji. Akaniambia, “Matundu gani? Ukuta hauna hata doa, mweupe kama siku ya harusi. Kaka amesema kila kitu kiko sawa.” Nikamwambia amtoe Bibi chumbani, akasema Bibi hamsikilizi yeye wala Baba Askofu, anakusikiliza wewe tu. Hilo ni kweli na unalijua.

Nitakuambia kitu nilichokuficha, ili na wewe uone si vigumu. Sikuja harusini kwa sababu nilifeli. Somo lenyewe la udongo, hili hili ninalokufundisha kwa kahawa. Nilipata sapu, mtihani wa marudio, na Krismasi yote nilikuwa bwenini peke yangu nasoma jinsi maji yanavyosukuma punje, huku nyinyi mnacheza. Nilikuchorea ukuta mwezi wa nane, mwezi wa kumi na moja nikafeli mtihani wa kitu kile kile. Niliona aibu kukuambia, wewe uliyekuwa ukinitambulisha kwa mafundi wenzako kama injinia wako. Matokeo ya marudio hayajatoka. Tangu hapo kila siku najiuliza kama hesabu zangu zilikuwa sahihi, au nimemwekea Bibi yangu mlima kichwani.

Nimesema langu. Sasa wewe. Kama matundu yamezibwa, usiniandikie kwanza. Mtoe Bibi leo. Kisha yafungue, ukianzia pembeni, ukisimama ubavuni, si mbele ya ufa kama kuna ufa.

Winfrida


Bangwe,
Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Injinia wangu,

Marahaba, mara mia. Barua yako ilifika Jumanne. Nilisoma mara moja nimesimama, mara ya pili nimekaa. Siku hiyo maji yalikuwa sentimita sitini kutoka juu.

Ndiyo. Niliyaziba mimi.

Matundu yalifanya kazi vizuri mno, hilo ndilo lililoniponza. Toka mvua za Novemba kila tundu lilikuwa linatoa maji ya kahawia, na chini ya kila tundu pakawa na mchirizi. Ukuta ulionekana kama umelia. Wiki moja kabla ya harusi nilisimama nikautazama, nikamfikiria Mzee Adolf akipita pale na mafundi wote nyuma yake. Nikachanganya saruji, nikaziba yote manane, nikapiga lipu, nikapaka chokaa. Nikajiambia nitayafungua baada ya harusi. Kisha Mzee Adolf akasema yale maneno mbele za watu, na mimi nikashindwa kuutoboa ukuta uliosifiwa. Ufa upo, juu upande wa kushoto. Niliujaza lipu mara mbili. Nilikuwa naona aibu, Winfrida. Kila Jumapili nilishusha ile nati nikajua, na bado nikaandika mzaha, na simu zako nikaziacha ziite.

Bibi yako nilimwambia ukweli wote. Alichukua mto wake na redio, akahama. Kuhama kwake kuliniuma kuliko fimbo.

Jumatano asubuhi nilichukua tindo na nyundo. Nilianzia pembeni kama ulivyosema. Nilikuwa nimegonga labda mara ishirini pale tindo ilipoingia ghafla, na maji yakanipiga kifuani. Mpwa wangu, yalitoka kama bomba la mji lililopasuka, ya kahawia, yenye nguvu, yakafika hadi kwenye banda la kuku. Nilibaki nimesimama naloa. Na pale pale langoni, amevaa shati jeupe, amekuja kutupa heri ya Pasaka: Mzee Adolf.

Sikuwa na pa kujificha. Alitazama maji, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Akaniuliza, “Ulikuwa na matundu ukayaziba?” Nikasema ndiyo. “Kwa ajili ya harusi?” Nikasema ndiyo, kwa ajili yako wewe. Nilitegemea aniaibishe. Yeye alivua shati, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akasema, “Nipe tindo nyingine. Na mimi nilimwoza mwanangu wa kwanza kwenye nyumba yenye paa la kuazima.” Tulitoboa manne manne. Yule mzee ana miaka sabini na moja na alinimaliza.

Maji yalitiririka hadi jioni. Alhamisi bomba lilisoma mita moja na tisini. Leo asubuhi ni mita mbili na sitini, ufa haujaongezeka. Bado Bibi yako harudi chumbani kwake mpaka useme wewe. Hilo amelitamka mwenyewe, na alisema “mpaka injinia aseme”, si mpaka Feliksi aseme.

Na kuhusu kufeli: ukuta haukufeli kwa hesabu zako. Ulikaa miezi mitatu ukibeba kitu ambacho hukuambiwa utabeba, na haukuanguka.

Mjomba wako aliyelowa,
Feliksi


Mbeya,
8 Aprili 2024

Mjomba wangu, Mjomba wangu,

Shikamoo! Nimesoma barua yako bwenini kwa sauti. Nilipofika kwenye lile banda la kuku, wenzangu walipiga kelele hadi matroni akaja, naye akaisoma. Mwambie Mzee Adolf ana mashabiki wanne Mbeya.

Nililia pia. Wala sikukasirika kama nilivyodhani nitakasirika. Niliposoma “niliyaziba mimi” nilipata nafuu.

Matokeo yametoka Ijumaa. Nimepata B! Kulikuwa na swali la ukuta na maji nyuma yake, nikauona wa kwetu, nikaandika kurasa nne. Mwambie mama wewe, mimi sikumwambia kwamba nilifeli, kwa hiyo utaanzia mbali kidogo.

Bibi arudi chumbani bomba likisoma mita mbili na nusu au zaidi wiki tatu mfululizo, na ufa ukiwa ule ule. Chora mstari wa penseli kuukatiza ufa, uandike tarehe. Kila tundu liwekewe kipande cha bomba kitokeze nje kiganja kizima, michirizi itapungua. Isipopungua, iache.

Kuna jambo jingine, na nimeliandika mara tatu nikalifuta. Mjomba, ule wa nyumbani una matundu kwa sababu niliyachora mimi, na wewe ulibisha siku mbili ukisema fundi mzuri haachi tundu. Hizo kuta nyingine ulizojenga mlimani, Bangwe na kwingineko, kabla yangu, zina matundu?

Usinijibu kama hutaki.

Winfrida


Bangwe,
28 Aprili 2024

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba. Bibi yako amerudi chumbani kwake Jumapili hii. Kipimo ni mita mbili na sabini, wiki ya tatu. Mlango umejirudi wenyewe, hausugui. Marcelina nimemwambia kuhusu B na kuhusu kufeli kwa mpangilio huo. Alifurahi, kisha akakasirika, kisha akapika.

Swali lako nilikaa nalo siku nne. Hazina, Winfrida. Hakuna hata moja.

Nilichukua daftari nikakumbuka moja moja. Ni kuta kumi na moja, saba hapa Bangwe, mbili Ujiji, moja Kibirizi, moja Mwandiga. Nyingine zina miaka ishirini zimesimama, na ningeweza kujiambia zimeshazoea. Lakini mvua za miaka hiyo hazikuwa hizi. Nimeona mita moja na arobaini, nimeona sentimita sitini, siwezi tena kulala nikijiambia udongo ni mzito na maji ni mepesi.

Basi nimeanza kuzizungukia. Kibirizi nilimkuta Mama Castory mwenye stoo ya dagaa. Nikamwambia nimekuja kutoboa ukuta wake. Akaniuliza, “Ukuta wangu mzima, fundi, umekosa nini?” Ilinibidi nitamke: niliujenga vibaya, Mama. Maneno matatu. Sikuwahi kuyasema tangu nishike mwiko. Alinitazama, akaenda kuniletea maji ya kunywa. Kwa mwenye nyumba wa pili maneno hayo yalitoka haraka zaidi. Ujiji, Mzee Nehemia amekataa kabisa, anasema hataki ukuta wake uwe kama chujio. Nitamrudia na pakiti ya kahawa.

Lakini nilianza na ukuta mwingine kabla ya hao wote, nao sikuwahi kukuambia. Ni ule wa Bangwe juu, nyuma ya shule ya awali. Niliujenga mwaka 2009. Madarasa yako chini yake kabisa. Nilimwomba mwalimu awatoe watoto uwanjani, upande wa mbali, wakatoka wameshikana mashati wakiimba wimbo wa namba. Tundu la kwanza halikutoa kitu. La pili halikutoa kitu. Nikaanza kuona haya mbele ya watoto. La tatu lilipofunguka, tindo ilinitoka mkononi ikarushwa, maji yakaenda mbali kuliko ya nyumbani, na watoto wakashangilia wakapiga makofi wakidhani nimewaletea bomba.

Walikuwa thelathini na nane. Niliwahesabu mwenyewe, mara mbili, nimekaa chini kwenye tope. Kisha nililia, Winfrida, mbele yao, na wao wakaendelea kupiga makofi.

Mwalimu alikuja kunishukuru kwa kukumbuka shule. Niliokota tindo nikarudi kwenye tundu la nne. Zimebaki nane, pamoja na wa Mzee Nehemia, na mawingu yameshafunga upande wa Kongo, kwa hiyo kalamu naiweka hapa, nachukua tindo.

Feliksi